Mzee Gunia Akilala Huwa Kijani

Rehema mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali yako, maana asubuhi nimekuona ukitoka hapa kwenda Ngoliba kumuaga nyanyako mzaa babako, andazi mdomoni na kamba za kiatu zinaburuzika. Hali yako ni nzuri kupita kiasi. Mimi ndiye siko sawa. Nikisema kwa mdomo utanikatiza, na babako ataingilia kukutetea kabla hajajua ni kesi gani, kwa hivyo nimekaa hapa jikoni na kalamu. Barua hii utaikuta ndani ya sanduku lako kesho ukishafika Nairobi, mahali ambapo huwezi kunijibu.

Sitakuambia ule vizuri, wala ufunge mlango, wala uchague marafiki. Una miaka kumi na tisa. Kama mpaka leo hujajua kufua basi utanuka, na wenzako watakuambia. Babako ameanza kukuaga tangu juzi, anatazama viatu vyako mlangoni macho yamelowa, na Nairobi ni mwendo wa saa moja tu kutoka hapa Thika. Mwache alie. Anapenda.

Langu ni moja, nalo ni lile la Alhamisi ulipoitwa chuoni kuwaonyesha walimu wa sanaa picha zako.

Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi la ukutani, mkoba magotini, hakuna aliyenisalimia vizuri. Yule bwana mwenye ndevu, aliyevaa akala za matairi si kwa kukosa viatu bali ili tuone amevaa akala, alizunguka picha zako mikono nyuma. Akasimama mbele ya ile ya mtu aliyelala chini ya mibuni, kijani kuanzia utosini hadi kisiginoni. Akauliza kwa nini watu wako wote wanaosimama wana vichwa vya buluu, vifua vyekundu na miguu ya kijani, na wanaolala ni kijani kitupu. Swali zuri, nilifurahi. Lakini hakusubiri jibu, akakupa la kwake: "Au ni mambo ya mila zenu?"

Na wewe ukatikisa kichwa kukubali. Ninakijua kile kichwa, ndicho ulichotikisa ukiwa mdogo nikikuuliza kama umeswali.

Kisha ukafungua mdomo, na sijawahi kusikia uongo unatiririka hivyo. Eti nyanya yangu mimi alikuwa akikusimulia jioni. Eti buluu ni roho, nyekundu ni damu ya ukoo, na kijani ni wazee waliopumzika ardhini. Yule mama mwenye miwani akaandika kila neno. Hapo ndipo wakanigeukia, kwa heshima, mara ya kwanza tangu niingie, wakitazama mkoba wangu kana kwamba nimebeba mizimu. Nilikuwa nimebeba chapati mbili na kitunguu.

Tulipotoka nilikuuliza, "Nyanya gani huyo?"

Ukasema, "Mama, hao ndio wanapenda kusikia hivyo. Sasa ungetaka niwaambie nini, ati ni plastiki?"

Nilitembea mbele yako mpaka kwenye matatu. Uliona nimekasirika, lakini hukuona kwamba niliumia. Niliumia, Rehema. Na jana nikakusikia mbele ya kioo ukifanyia mazoezi hotuba ya Jumatatu, siku ambayo kila mwanafunzi mpya atasimama mbele ya chuo kizima na picha moja aseme sanaa yake imetoka wapi. "Bibi yangu alikuwa msimulizi," ulisema, kwa sauti ya mtu anayezindua daraja. Sasa ujue unachokifanya. Ukisema hivyo Jumatatu, huyo bibi atahamia kwako. Utamlisha miaka yote ya chuo. Kila picha utakayochora itabidi umuulize kwanza kama ni ya kimila vya kutosha, na yule wa akala atakuwa anakuja kumjulia hali.

Nyanya yangu wa kweli alikuwa akiuza mbaazi hapa Majengo, na alikufa kabla hujazaliwa. Alivaa nyeusi maisha yake yote. Kuchora mtu aliona ni dhambi kubwa. Akiletewa kalenda yenye picha ya mtu aliigeuza itazame ukuta, tukawa hatujui tarehe. Hadithi hakuwa na hata moja. Alichokuwa nacho ni mdomo mchafu, na huo ninao mimi. Ungemchorea mtu wa kijani mbele yake angekuchapa na mwiko, na leo umemfanya mwalimu wako.

Kwa hivyo nikukumbushe kitu chenyewe, kwa sababu ulikuwa mdogo, na kwa sababu inaonekana umeanza kukionea haya.

Tulikuwa tunakaa Ruiru, kwenye ile ploti ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Stima haikuwepo. Babako alikuwa askari wa usiku kwenye shamba la kahawa, mimi nauza chapati na maharagwe kwa vibarua. Televisheni tuliipata kwa tajiri wake aliyekuwa anahama, ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, inatumia betri ya gari. Kila Ijumaa babako aliipeleka betri kuchajiwa akiwa ameifunga nyuma ya baiskeli, anatembea nayo taratibu asimwagikiwe na asidi. Niliifumia TV kitambaa cheupe chenye pindo. Nilikuwa mjinga kama wengine. Tulifunika chombo kwa heshima kuliko tulivyowafunika watoto.

Siku moja nimekwenda soko la Thika kununua maharagwe. Kijana mmoja amesimama na karatasi za plastiki mkononi, juu buluu, katikati nyekundu inayoelekea machungwa, chini kijani.

"Mama, TV yenu ni ya blakendwaiti?"

"Ndiyo."

"Basi wacha kuteseka. Hii ndio kala yenyewe. Unabandika hapa mbele, kwisha."

"Na inajuaje nguo ya mtu ni ya rangi gani?"

"Hiyo inajijua yenyewe, mama."

Nikanunua. Mimi, ninayewacheka watu kwa kununua dawa za mganga, nilinunua karatasi inayojijua yenyewe. Nilirudi Ruiru nimeikunja kwapani, maharagwe nimesahau.

Babako aliitazama akasema, "Umenunua karatasi ya peremende." Ilikuwa kweli, na sikumwambia ni kweli, nikaibandika kwa selotepu pande nne. Wakaja majirani wote wa ploti. Msomaji wa habari akatokea na utosi wa buluu, uso mwekundu na tai ya kijani, na Mama Njoroge wa mlango wa pili akashika kifua. "Ngai, kwani huyu ni mgonjwa?" Baada ya hapo akazoea. Baada ya wiki mbili alikuwa akiwaambia watu sokoni kwamba kwetu kuna kala. Watu watakubali chochote kikiwa kwenye kioo, mradi wasilipie wao.

Na wewe ulikuwa na kile kipindi chako cha Jumamosi jioni, cha Mzee Gunia. Sijui ni nani aliyekitengeneza na sitaki kujua. Vikaragosi vitatu vya magunia yaliyojazwa matambara, macho ya vizibo vya soda: Mzee Gunia, mkewe Bi Pakacha, na mbuzi. Sauti zote alikuwa akizitoa mtu mmoja. Akiwa mke alijibana koo, akiwa mbuzi alikohoa. Vidole vyake vilikuwa vinaonekana waziwazi, na mara moja mkono mzima ulitokea na saa ya mkononi. Hadithi ni ileile kila wiki: Mzee Gunia ametumwa kitu, hakukifanya, amelala. Kisha wanakatiza katikati kutuambia kiongozi fulani amekagua nini. Nilikidharau kile kipindi kwa moyo wangu wote. Ninyi watoto wa ploti mlikaa sakafuni midomo wazi, hata njaa hamsikii.

Lakini wenzako walikuwa wanacheka. Wewe ulikuwa hucheki. Ulikuwa unatazama, shingo umeikunja, na siku moja ukauliza:

"Mama, mbona Mzee Gunia akisimama kichwa ni buluu, na akilala anakuwa kijani?"

Mimi nilikuwa nasukuma chapati. Ningeweza kukuambia ni ile plastiki, kwamba akilala anaangukia sehemu ya chini. Sikutaka kukiheshimu kile kipindi kwa maelezo. Nikasema, "Kwa sababu ni mvivu. Mvivu akilala huota kijani, kama mkate uliokaa."

Ulikwenda kitandani alikolala babako, maana alikuwa amekesha lindoni, ukamchungulia muda mrefu. Ukarudi ukaniambia kwa sauti ya chini, "Baba hajaanza."

"Mpe muda," nikasema.

Hivyo basi, hizo ndizo mila zenu. Hao ndio wazee waliopumzika ardhini. Ni plastiki ya soko la Thika, kikaragosi cha gunia, na mama mwenye hasira anasukuma chapati.

Tangu siku ile ukaanza kuchora. Kwanza kwa makaa ukutani, nikakuchapa. Halafu kwa krayoni alizokuletea babako, na ukamaliza ya buluu, nyekundu na kijani, zile nyingine hukuzigusa. Kila aliyesimama ulimpaka rangi tatu. Aliyeinama, kichwa kikawa chekundu. Aliyelala, kijani. Mama Njoroge ulimchora anaokota kuni, kichwa chekundu na makalio ya buluu, akaja kuuliza kama nimekufundisha kumtukana. Babako alikuwa kijani kwenye kila picha. Maskini alizibandika zote juu ya kitanda chake akalala chini yake.

Ulipofika darasa la tatu mwalimu wako akaniita. Ulikuwa umemchora. Ulimchora kama alivyokuwa kila siku baada ya chakula cha mchana, ameweka shavu juu ya meza, analala huku ninyi mnanakili ubaoni. Kichwa chake ulikipaka kijani, kijani kibichi kabisa, na darasa zima lilikuwa limeiona.

"Huyu mtoto ana shida ya macho," akaniambia. "Haoni rangi vile zinafaa kuonwa."

Nikasema, "Na kulala ameona sawa?"

Hakunipenda. Lakini alikuwa mwalimu na mimi ni muuza chapati, nikakupeleka hospitali, ukasomeshwa herufi ukutani, ukaambiwa macho yako hayana kasoro. Nikarudi kumwambia. Akasema, "Basi itakuwa ni ile TV, nimesikia mna plastiki, itoeni kabla hajaharibika akili." Hapo nikafanya kosa, nami sikuchoshi nalo kwa majuto marefu, nakuambia tu lilivyokuwa: niliamini kwamba mtu niliyemdharau anaweza kujua zaidi yangu kuhusu mtoto wangu. Nikabandua plastiki, nikaitia chini ya godoro.

Jumamosi ile ukakaa mahali pako. Mzee Gunia akatokea, wa kijivu. Ulitazama mpaka mwisho. Jumamosi ya pili ulikaa kidogo, ukainuka kabla hakijaisha, ukaja kusimama karibu na jiko.

"Mama," ukasema, "ni magunia tu."

Sasa sikia. Mimi nilikuwa nimesema maneno hayo tangu kipindi kilipoanza. Kila Jumamosi nilisema ni magunia tu, na yule mtu na saa yake, na ninyi wajinga mliokaa sakafuni. Nilikuwa sahihi kabisa. Lakini nilipoyasikia yakitoka kinywani mwako, na uso ule uliokuwa nao, sikuyataka. Nilitamani uyarudishe. Ulikuwa umeanza kufanana na mimi, na mimi mmoja natosha kwa nyumba moja.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya kipindi, nikaitoa plastiki chini ya godoro. Ilikuwa imepata mkunjo katikati, na babako akaniuliza kama nimerudiwa na akili au imeniacha kabisa. Nikaibandika mwenyewe, selotepu pande nne. Ukaja ukaitazama. Ukaigusa kwa kidole, ukaibandua pembe moja ukaangalia kioo kilivyo ndani, ukairudisha. Halafu ukacheka, Rehema, mara ya kwanza kwenye kile kipindi, ukakaa na krayoni zako.

Kwa hivyo usiniambie ulidanganyika ulipokuwa mtoto na sasa unaona haya. Hukudanganyika. Wenzako ndio walidanganyika, na Mama Njoroge, na mimi pale sokoni. Wewe ulijua ni magunia, ulijua ni karatasi, ukaona ndani na nje, kisha ukaamua Mzee Gunia akilala huwa kijani kwa sababu picha inapendeza hivyo. Hilo hukufundishwa na bibi yeyote. Yule wa akala angefunua pembe ile angekuta kioo kitupu na kwenda zake.

Kipindi chenyewe kiliisha bila kuaga. Wiki moja kikawa hakipo, mahali pake wakaweka watu wa ng'ambo wanaolia kwenye nyumba kubwa, na mimi nilidhani na wewe utaacha kuchora. Hukuacha. Tulipohamia Thika betri ikafa, TV ikawa meza ya kuwekea maua ya plastiki. Ukachora kuta. Ulichora ng'ombe wa bucha kule Theta, kichwa cha buluu, na mwenye bucha akatuita tuje tumfanye awe wa kawaida. Ulikataa. Ulikuwa na miaka kumi na minne, umesimama juu ya kreti la soda na brashi mkononi, mzee anakufokea, ukamwambia, "Akiwa wa kawaida atakuwa ng'ombe tu." Watu walitoka barabarani kuja kumcheka ng'ombe yule, wakanunua nyama. Siku ile nilijifanya sina habari na wewe. Nilikuwa nasikiliza kila neno.

Msichana yule wa juu ya kreti ndiye ninayemtafuta tangu Alhamisi. Umemwacha wapi? Mwenye bucha alikufokea hukuinama. Mtu na akala zake amekutabasamia, ukainama mpaka chini.

Sijawahi kukuambia picha zako ni nzuri. Ni nzuri. Nimesema, usinilazimishe kurudia.

Ila hata pale kwenye benchi, nikiwa na hasira zangu, niliona kitu. Kati ya picha ulizotundika kuna ile ya mwanamke mbele ya jiko. Kichwa buluu, kifua chekundu, miguu kijani, mkono umeshika mti wa kusukumia. Nimekuwa nikitafuta tangu Alhamisi, nimefungua hata madaftari yako ya zamani, na nimeona umechora kila mtu wa Ruiru na Thika amelala: babako, mwalimu, Mama Njoroge, hata mbuzi. Mimi hukuwahi. Miaka yote hiyo hujanichora hata mara moja nimelala, wala nimekaa. Sikujua ulikuwa unaona. Nilitoka pale nimekasirika maradufu, kwa sababu mtu anayeona hivyo halafu anasimama mbele ya wageni na kusema amefundishwa na maiti wa Majengo, ananitoa mimi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Ndani ya sanduku, katikati ya zile leso mbili, nimekuwekea plastiki yenyewe. Ina ule mkunjo wa godoro, na pembeni selotepu imekuwa ya manjano. Sijui kwa nini niliitunza. Labda kwa sababu nilinunua kwa pesa ya maharagwe na sikutaka kukubali. Jumatatu ukisimama, wakikuuliza, uitoe. Waambie iliuzwa sokoni kwa mwanamke mjinga. Waambie kuhusu Mzee Gunia na yule mtu na saa yake. Watakaocheka, inua ile plastiki mbele ya macho yako uwatazame kupitia hapo, mmoja mmoja, na yule wa akala umtazame kwa utaratibu. Na ukiamua kuwapa bibi yako wa uongo, basi ile karatasi nirudishie kwa mtu yeyote anayekuja Thika, nami sitauliza zaidi.

Babako amekwenda lindoni, ameaga sanduku lako pia. Maharagwe nimeyaondoa motoni, unga wa kesho nimeukanda. Mgongo unaniuma, Rehema, na mgongo huu haujawahi kukuambia. Naenda kulala sasa. Ukitaka kunipaka kijani, nimekuruhusu.

Mama yako